Mawazo ya Mgonjwa wa Kansa Nayo Yatibiwe

Anayetoka Tchomia, mashariki mwa Kongo, kutafuta dawa ya kansa hubeba mzigo zaidi ya ugonjwa. Akivuka Ziwa Albert na kupanda gari hadi Mulago, Kampala, kwenye taasisi ya kansa iliyofunguliwa mwaka 1967, anaacha nyuma watoto, deni la nauli na eneo lake la Djugu ambalo vita vimelitikisa tangu mwisho wa 2017. Dawa nyingi hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21. Anapoanza tu kupata nguvu, tarehe ya kurudi imefika. Asubuhi moja anakuta nywele zake zimebaki kwenye mto. Mtu huyo akikosa usingizi, akinuna au akisukuma sahani, tusimwite mkaidi.

Wapo wanaosema mawazo ndiyo yaliyomletea kansa. Hilo halijathibitishwa, na humtwisha mgonjwa lawama asiyostahili. Lililo wazi ni kwamba mawazo mazito hukatiza matibabu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa wagonjwa wa maradhi mbalimbali waliokuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walielekea kuacha maagizo ya daktari mara tatu zaidi ya wenzao. Kwenye kansa, kuruka mzunguko ni kuupa uvimbe nafasi ya kukua tena. Ndiyo maana kumsikiliza mgonjwa ni kumsaidia azimalize dawa zake.

Mtauliza: daktari wa akili tutamtoa wapi? Harare, Zimbabwe, walianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye msongo wa mawazo. Utafiti wa watu 573, uliotolewa 2016, ulikuta sonona ya waliokaa na akina bibi hao imepungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwa wagonjwa wa kansa, lakini sikio lililofundishwa ni lile lile. Ndugu wengine humficha mgonjwa jina la ugonjwa, wakihofia ukweli utamuua. Ni huruma, naielewa. Ila mgonjwa husikia minong'ono ikikatika anapoingia, akawaza mabaya zaidi. Mwulizeni kwanza angependa kujua kiasi gani. Jioni, samaki wakishaanuliwa, mmoja akae naye: leo kinachokusumbua zaidi ni nini? Akijibu nauli, ombeni Mungu, kisha hesabuni nauli pamoja naye. Akisema heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja bila kungoja tarehe ya Kampala.