Ripita ya Redio na Huduma ya Dharura: Hatua za Kujenga Kituo cha Kwanza

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mawasiliano mazuri hupunguza wa pili na wa tatu, kwani gari huitwa mapema na damu huandaliwa mgonjwa angali njiani. Siku nyingi simu hutosha. Pasipo na mtandao, au mnara unapozimika wakati wa mafuriko, redio ya VHF hubaki kuwa msaada.

Mwaka 1996, wilayani Iganga, mashariki mwa Uganda, mradi ulioitwa RESCUER uliwapa wakunga wa jadi redio za mkononi, huku vituo vya afya na gari la wagonjwa vikiwekewa redio zao. Somo hili laeleza jinsi kituo cha namna hiyo kinavyojengwa, kwa mfano wa Kibaha na Kisarawe.

Kazi ya ripita

Mawimbi ya VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, hivyo kilima huyazuia na msitu huyadhoofisha. Ripita ni kituo kilichowekwa juu, kinachopokea sauti katika masafa fulani na papo hapo kuirusha upya katika masafa mengine. Katika redio za ridhaa, kwa mfano, chaweza kupokea katika megahezi 145.000 na kurusha katika megahezi 145.600.

Kuchagua mahali

Ili kukadiria upeo, jumlisha vipeuo vya pili vya kimo cha antena mbili kwa mita, kisha zidisha kwa 4.1, jibu ni kilomita. Redio mbili za mkononi zilizo mita 1.5 juu ya ardhi hupata kilomita 10, tena penye uwanja mtupu. Antena moja ikiwa mita 100 juu ya nchi inayoizunguka, upeo hufika kilomita 46 hivi. Ndiyo maana vilima vya Pugu, vilivyo upande wa mji wa Kisarawe, vyafaa kuchunguzwa: Kibaha, yenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, iko umbali wa kilomita 20 na kitu kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, hesabu haioni mabonde. Vijiji vya upande wa Mzenga na Maneromango havina budi kupimwa kimoja kimoja.

Sikio kabla ya sauti

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kununua kirushi chenye nguvu kubwa. Redio ya mkononi hutoa wati 5 hivi. Ripita ikirusha kwa wati 50, itasikika mahali ambapo yenyewe haisikii. Mkunga ataisikia hospitali vizuri, ataita, wala hatajibiwa. Kituo cha namna hiyo humpa mtu tumaini la uongo katika saa ya hatari.

Kwa hiyo fedha za kwanza zitumike kwenye upokeaji: antena nzuri, kebo nene na dupleksa. Kebo nyembamba ya mita 20 yaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, ikienda na ikirudi. Dupleksa ni chujio linalokizuia kirushi kukiziba masikio kipokezi kinachotumia antena ileile. Namna ya kuijaribu ni hii: redio ya mbali itume mawimbi dhaifu yanayosikika kwa shida, kisha kirushi cha ripita kiwashwe. Sauti ikitoweka, dupleksa haijarekebishwa sawasawa.

Umeme

Chukua ripita ya wati 25 inayotumia ampea 0.5 ikisikiliza na ampea 6 ikirusha. Ikirusha sehemu moja ya kumi ya siku, itahitaji ampea-saa 25 kwa siku, yaani 75 kwa siku tatu za mawingu ya masika. Kwa kuwa betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, betri ya ampea-saa 150 yahitajika, pamoja na paneli ya jua ya wati 120 hivi. Mlingoti na kebo viunganishwe na waya wa kutulia ardhini kabla ya kituo kuwashwa, kwani vilele huvuta radi.

Kibali na nidhamu

Hakuna kirushi kinachowashwa bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Leseni ya redio za ridhaa, ambazo utambulisho wake nchini huanza na 5H, ni ya kujifunza na kufanya majaribio. Wenye leseni hizo huweza kusaidia wakati wa maafa. Hospitali inayotaka mawasiliano ya kila siku huomba masafa yake yenyewe. Ufundi ni uleule, lakini kibali ni tofauti.

Tena, redio husikiwa na yeyote aliye na kipokezi. Jina la mgonjwa lisitajwe. Watajwe mahali alipo, hali yake na msaada unaotakiwa, naye mpokeaji arudie ujumbe kabla ya kufunga mazungumzo.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kituo kukabidhiwa, mtu mwenye redio ya mkononi apite katika kila kijiji na kila zahanati inayokusudiwa, akiandika mambo mawili mbali mbali: je, ameisikia ripita, na je, ripita imemsikia? Mahali penye jibu la ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili pawekewe alama nyekundu kwenye ramani, na wahudumu wa hapo waelezwe waziwazi kwamba redio haijawafikia. Pahitaji antena ya kudumu juu ya paa la zahanati, au njia nyingine ya kuita gari, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitegemea.