Maisha ya familia ya mwanajeshi katika kisiwa cha Guam

Guam ni kisiwa cha Marekani kilichoko magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Mariana. Urefu wake ni takribani kilomita 48, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 153,836. Marekani ilikitwaa kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Wajapani walikishika Desemba 1941, Wamarekani wakakirudia Julai 1944, na tangu hapo majeshi yao hayajaondoka. Kaskazini, Yigo, ipo kambi ya anga ya Andersen. Kusini-magharibi, kwenye bandari ya Apra, ipo kambi ya wanamaji yenye nyambizi zake. Ya tatu ni Camp Blaz ya Marines, iliyozinduliwa Oktoba 2020 na kupewa jina la Vicente Blaz, Mchamoro (yaani mwenyeji wa asili wa kisiwa) wa kwanza kufikia cheo cha jenerali katika jeshi hilo.

Kwa mwanajeshi, uhamisho wa kwenda Guam ni kazi nyingine katika kazi aliyokwisha kuizoea, maana sare ni ileile na taratibu ni zilezile. Aliyebadilishiwa maisha hasa ni mke au mume wake, na wamo pia Waafrika Mashariki, kwa kuwa Wakenya na Watanzania wengi waliohamia Marekani wameingia jeshini au kuoana na walio jeshini. Huyo ndiye anayetafuta shule na daktari, ndiye anayeipanga nyumba, na mara nyingi huacha kazi yake nyuma.

Matayarisho huanza miezi kadhaa kabla ya safari. Majina ya mwenza na ya watoto sharti yawemo kwenye amri ya uhamisho, na kila mmoja hupimwa afya ili ijulikane kama matibabu yake yanapatikana kisiwani. Mwenye mbwa au paka aanze mapema zaidi. Guam haina kichaa cha mbwa na inailinda hali hiyo kwa ukali: mnyama asiye na chanjo zinazotakiwa, kidude cha utambulisho chini ya ngozi na kipimo cha damu cha kuthibitisha kinga huweza kuwekwa karantini hadi siku 120, kwa gharama ya mwenyewe. Hati ya uwakilishi nayo iandikwe kabla ya kuondoka, ili mwenza aweze kusaini mkataba wa nyumba, kupokea mizigo au kuuza gari wakati mwanajeshi yuko baharini. Familia nyingi huikumbuka hati hii meli ikiwa imeshang'oa nanga.

Nyumba ni ya ndani ya kambi au ya kupanga uraiani. Anayepanga nje hulipwa posho ya nyumba inayofuata kodi halisi, kwa kiwango kisichozidi kikomo kilichowekwa, pamoja na fungu la umeme na maji. Nyumba za kisiwa hiki kwa kawaida ni za zege, kuta hadi paa, na madirisha yake yana vifuniko vya chuma kwa ajili ya vimbunga. Kabla ya kusaini mkataba yafaa kuuliza mambo matatu: kama kuna jenereta, kama kuna tangi la maji la akiba, na viyoyozi vina umri gani. Rangi mpya ya sebuleni haielezi lolote juu ya hayo.

Adui wa kila siku ni unyevu. Joto la wastani hukaa karibu na nyuzi 27 mwaka mzima. Masika ni Julai hadi Novemba, na hata miezi ya kiangazi, Januari hadi Mei, hewa ni nzito. Aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja anaijua hali hiyo, ila tofauti ni kwamba nyumba za Guam hufungwa madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi, na hewa isiyotembea ndiyo inayolea kuvu. Viatu vya ngozi vikiachwa kabatini wiki chache hufunikwa na unga wa kijani kibichi. Mkanda wa sare hufuata, kisha mkoba, kisha migongo ya vitabu. Kabati la nguo kwa hiyo lisibanwe ukutani; liachiwe upenyo wa upana wa kiganja, na milango yake ifunguliwe mara kwa mara. Mashine ya kunyonya unyevu iwekwe chumbani, na ndoo yake imwagwe kila siku, kwani ikijaa mashine husimama na usiku mmoja tu watosha kuta kutoa jasho. Kiyoyozi kisizimwe familia inaposafiri, bali kipandishwe nyuzi chache. Kukishusha kupita kiasi pia si dawa, kwa kuwa ukuta wa baridi huvuta maji kutoka hewani. Vyeti, picha na pasipoti hukaa salama katika masanduku ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya kukaushia. Mchele na unga navyo vifungiwe vivyo hivyo, maana sisimizi na mende hawahitaji mwaliko.

Umeme wa kuendesha mashine zote hizo ni ghali, kwani kwa sehemu kubwa huzalishwa kwa mafuta yanayoletwa kwa meli. Chakula nacho husafiri mbali. Duka la chakula la kambini lina nafuu kwa vitu vya makopo, nyama na maziwa, lakini mboga za majani hufika zimechoka. Hapo masoko ya wenyeji ndiyo yanayookoa: ndizi, mapapai, magimbi, madafu, mabilinganya, na mashelisheli ambayo mtu wa Pemba atayapika bila kufundishwa. Hata wali mwekundu unaoandaliwa kwenye kila sherehe hupata rangi yake kwa mbegu za mzingefuri, mti uleule unaoonyeshwa wageni katika mashamba ya viungo ya Zanzibar. Na finadene, mchuzi unaokaa kando ya kila sahani, huchukua dakika chache tu: mchuzi wa soya, siki au maji ya ndimu, kitunguu kilichokatwakatwa na pilipili kali.

Vimbunga havina budi kuzungumzwa bila kutia chumvi na bila kupuuza. Guam hukaa daraja la nne la tahadhari siku zote, maana yake upepo wa uharibifu unaweza kutokea ndani ya saa 72. Daraja la tatu ni saa 48, la pili ni saa 24, na la kwanza ni saa 12. Likitangazwa hilo, hakuna anayepaswa kuwa barabarani. Ununuzi wa maji, betri, gesi na vyakula visivyohitaji friji hufanywa katika daraja la nne, pale ambapo rafu za maduka bado zimejaa. Kimbunga Mawar cha Mei 2023 kilikata umeme karibu kisiwa kizima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa wiki kadhaa. Mwanajeshi huweza kuitwa kazini wakati huohuo, kwa hiyo mwenza awe anajua mwenyewe kufunga vifuniko vya madirisha, kuwasha jenereta nje ya nyumba mbali na madirisha, na kujaza maji kila chombo. Afanye majaribio siku ya jua.

Kutokuwepo kwa mwanajeshi ndiko kunakochosha kuliko vimbunga. Wa nyambizi huenda baharini kwa miezi, na mawasiliano huwa barua pepe za mara chache zisizosema aliko. Ndugu nao wako mbali kwa saa. Saa mbili asubuhi Guam, pwani ya mashariki ya Marekani bado ni jioni ya jana. Saa mbili usiku, Nairobi na Dar es Salaam ni saa saba mchana. Anayepanga siku maalumu ya kupigia nyumbani hudumu na ndugu zake kuliko anayengoja kupata nafasi. Ofisi za kusaidia familia zipo katika kambi za Andersen na Apra, na kila kikosi kina mtu wa kuunganisha familia na makamanda. Namba yake iandikwe ukutani, kwa kuwa simu yenye namba hiyo huishiwa chaji siku mbaya.

Kazi hupatikana, ingawa si kila taaluma. Wenza wa wanajeshi hupewa kipaumbele katika nafasi za serikali kuu ya Marekani, na shule, maduka na hospitali za kambini huajiri mara kwa mara. Tangu Januari 2023 sheria ya Marekani inawawezesha wenza wengi kutumia leseni zao za kitaaluma wanapohamishwa kwa amri, lakini bodi ya mahali bado hutaka kupelekewa karatasi. Asiyepata kazi huweza kusoma katika Chuo Kikuu cha Guam kilichoko Mangilao.

Kosa kubwa ni kuishi ndani ya uzio tu. Kambini mna duka, shule, sinema na kanisa, na mtu aweza kumaliza uhamisho wake bila kuingia nyumba hata moja ya Mchamoro. Hiyo ni hasara, na kwa wenyeji ni kidonda, kwani zaidi ya robo ya ardhi ya kisiwa iko mikononi mwa jeshi, na familia nyingi zilipoteza mashamba baada ya vita. Mgeni anayejua hilo husalimia kwa unyenyekevu zaidi. Salamu ya kawaida ni "Håfa adai". Mbele ya mzee, kijana huinama, hushika mkono wake na kuugusisha puani, akisema "Ñora" kwa mama na "Ñot" kwa baba. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa uzito wake. Kila kijiji kina sikukuu ya mtakatifu wake, na nyumba hufunguliwa kwa wageni. Anayealikwa asiende mikono mitupu. Upo utaratibu uitwao chenchule', wa kuchangiana katika harusi na misiba, na mchango hukumbukwa na kurudishwa miaka mingi baadaye.

Msituni huombwa ruhusa ya mizimu ya wahenga kabla ya kupita, na mgeni aliyeongozana na wenyeji afuate bila kubishana. Misitu hiyo ina ukimya usio wa kawaida: nyoka wa kahawia wa mitini, aliyeingia katika mizigo baada ya Vita Kuu ya Pili, alimaliza karibu ndege wote wa asili wa misitu. Baharini, watoto waogelee ndani ya miamba, katika ghuba kama Tumon, na si karibu na mikondo inayotoka nje ya mwamba, ambako maji huvuta kwa nguvu hata siku tulivu. Barabara zimechanganywa na mawe ya matumbawe, nazo huteleza vibaya mvua ya kwanza inaponyesha.

Uhamisho mmoja huchukua miaka michache, kisha huja safari ya kuondoka. Kwa sababu ya nyoka huyohuyo, mizigo inayoondoka kisiwani hukaguliwa na mbwa waliofunzwa kumnusa, hivyo baiskeli, vyungu vya maua na samani za barazani zisafishwe na kukaushwa kabla wapakiaji hawajafika.