Umri wa Mbu Chini ya Hadubini

Katika vijiji vya Bonde la Kilombero si jambo geni kuwaona watafiti wakikusanya mbu ndani ya nyumba alfajiri na kuwatia katika vikombe vilivyofunikwa kwa neti. Ni haki ya mwenye nyumba kujua mbu hao wanakwenda kufanywa nini. Jambo mojawapo linalotafutwa ni umri wao.

Mbu jike hazaliwi na vimelea vya malaria. Huvipata anapomnyonya damu mgonjwa, kisha vimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukua na kufika katika tezi zake za mate. Mbu mchanga hukera tu. Anayeambukiza ni yule aliyeishi muda mrefu.

Umri huo hupimwa kwa njia iliyoelezwa na mwanasayansi wa Urusi, T. S. Detinova, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962. Mbu huuawa, kisha kwa sindano nyembamba ovari zake hutolewa katika tone la maji juu ya kioo, huachwa zikauke, na kutazamwa kwa hadubini. Damu ya mgonjwa inayopimwa zahanati hutiwa rangi ili vimelea vionekane, lakini hapa rangi haihitajiki. Ovari zimezungukwa na vijirija vyembamba vilivyojaa hewa. Kama povu linavyoonekana ndani ya glasi ya maji ingawa hewa haina rangi, ndivyo mwanga unavyopinda unapokutana na vijirija hivyo, navyo vikaonekana kama nyuzi nyeusi.

Nyuzi zilizojikunja mithili ya kamba iliyoviringwa huonyesha kwamba mbu hajawahi kutaga. Mayai yanapokua, ovari hutanuka na nyuzi hunyooka, wala hazijikunji tena. Tezi za mate nazo hutazamwa zikiwa mbichi, na vimelea huonekana kama vijiuzi vifupi vilivyopinda. Kazi hii yataka haraka, kwani mbu aliyekwisha kukauka hasomeki. Ndiyo maana wakusanyaji huwahi maabara asubuhi.

Wataalamu wa Ifakara, ambako maabara ya utafiti ilianzishwa na Waswisi mwaka 1957, wana uzoefu mrefu wa kazi hiyo. Mbu wa kijiji cha Namawala walichunguzwa kwa namna hii tangu kabla vyandarua vyenye dawa havijaenea bondeni.

Faida yake kwa mwananchi yaonekana katika hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa mbu 80 wanaotafuta damu kila baada ya siku 3. Ikiwa robo yao hufa kila safari, baada ya siku 12 hubaki takriban 25. Ikiwa chandarua chenye dawa kinaua nusu yao kila safari, hubaki 5 tu. Hivyo chandarua humlinda aliyelala ndani yake, na pia humlinda jirani, kwa kuwa mbu hufa kabla hajafikia umri wa kuambukiza.

Ushahidi wake upo hapa hapa. Mpango wa vyandarua vyenye dawa ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulifuatiwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliovitumia.

Wakazi wa Kata ya Sanje wanakumbushwa kulala ndani ya chandarua kila usiku, wakiwamo wanaolinda mpunga na kulala katika vibanda vya shambani. Mama mjamzito hupewa chandarua anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua. Chandarua hicho kisigeuzwe uzio wa bustani wala wavu wa samaki. Kikikosekana kitandani, mbu hupata siku anazozihitaji.