SOMO: ESANSI YA TONDEZI YETU



Katika karatasi hii tunataka kujifunza namna ya kuchagua na kutunza esansi ya tondezi, ni kusema mashini yetu ya kukata majani. Labda mutu atasema: "Hilo ni neno la fundi, si la wanafunzi." Hapana. Mwanzo wa mwaka huu sisi wakubwa wa wanafunzi tulifanya makosa mawili juu ya esansi hiyo. La kwanza lilikula feza za masomo. La pili lilimpatisha haya mutu asiye na kosa. Ndiyo maana tunaandika.

Makosa ya kwanza

Hapa Barumbu majani hayana vakansi. Tuko karibu na ikweta, na mvua inanyesha kila mwezi wa mwaka. Mwanzo wa Julai tulikata kiwanja, tukasukuma tondezi ndani ya depo na esansi nusu ya tanki, tukaenda kwetu. Septemba tulikuta majani yamefika kwenye magoti, na nyoka mmoja chini ya dirisha la kalasi. Tukavuta kamba ya mashini mpaka mikono ikatoka malengelenge. Haikuwaka.

Fundi alifungua karburateri, akatuonyesha gundi ya rangi ya chai iliyoziba katundu kadogo ambako esansi inapita. Feza zilizowekwa kwa kununua mipira ya mchezo zikaenda kwa fundi.

Sababu ni hii. Esansi si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, zinaruka hewani kidogo kidogo. Zile zinazobaki zinaungana na hewa na kugeuka gundi. Wenye kutengeneza mashini hizi wanashauri esansi isipite siku 30 hivi. Yetu ilikaa karibu siku 60, katika joto, na kifuniko hakikukaza. Esansi iliyozeeka unaijua kwa pua: inanuka sawa rangi ya kupaka mbao.

Makosa ya pili

Mashini ilipopona tulichukua bidoni letu, tukanunua litri tano kwa papa mmoja kadafi, mwenye kuuza esansi kando ya barabara. Tondezi ikawaka dakika mbili, ikakohoa, ikakufa. Hatukuuliza zaidi. Tulirudi kwake kundi zima, tukasema kwa sauti kubwa mbele ya watu: "Papa, umetuuzia maji!" Watu wa motari waliokuwa wakingojea esansi wakasikia, wakaenda kwa kadafi mwingine.

Papa yule hakutukana. Alisema: "Bana yangu, kama ni kosa langu nitalipa. Lakini tuangalie kwanza." Akatwaa chupa mbili zinazoonyesha ndani. Ya kwanza akaijaza kutoka akiba yake mwenyewe, ya pili kutoka bidoni letu. Akaziweka juu ya meza, tukangoja. Chupa yake ilikuwa safi toka juu mpaka chini. Katika chupa yetu kukaonekana mustari: juu esansi, chini maji, vidole viwili.

Maji yale yalikuwa yetu. Wakati wa vakansi bidoni lilikaa chini ya paa linalovuja, na kwa kifuniko tulitia kitambaa tu. Siku ya kununua hakuna aliyechungulia ndani. Tukaondoka kimya. Bwana Prefe aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu: "Kesho, saa ile ile, mbele ya watu wale wale, mutamuomba radhi." Tulikwenda. Ilikuwa ngumu kuliko egzama.

Kuchagua esansi

1. Ujue moteri yako. Moteri ya mapigo mane, sawa ya tondezi yetu, inatumia esansi tupu. Mafuta ya moteri yana tundu lake. Moteri ya mapigo mawili haina tundu hilo: mafuta yanachanganywa ndani ya esansi. Kama kitabu cha mashini kinasema 50 kwa 1, litri 5 za esansi zinaomba mililitri 100 za mafuta. Kama kinasema 25 kwa 1, zinaomba mililitri 200. Ukitia esansi tupu katika mapigo mawili, moteri inajila yenyewe. Ukitia mchanganyiko katika mapigo mane, inatoa moshi na kuchafua buji.

2. Usibadilishe mafuta. Petroli ya taa si esansi, na mazutu pia si esansi. Esansi ya kawaida, oktani 91 kwa kipimo cha Ulaya, inatosha kwa tondezi nyingi. Ya bei kali haitakata majani vizuri zaidi.

3. Pima kwa chupa. Litri moja ya maji ina kilo moja. Litri moja ya esansi ina gramu 740 hivi. Basi maji yanashuka chini. Ngoja dakika kumi, utayaona.

4. Pima kwa karatasi nyeupe. Angusha tone moja. Esansi safi inakauka upesi na haiachi alama. Kama imechanganywa na petroli au mazutu, doa la mafuta linabaki.

Esansi inafika Kisangani kwa njia ndefu: kwa mashua juu ya mto kutoka Kinshasa, karibu kilometa 1.700, ama kwa lori toka upande wa Mashariki. Inapita mapipa mengi na mikono mingi. Kwa hiyo kupima si kumtukana muuzaji. Lakini anza na bidoni lako mwenyewe.

Kutunza esansi

1. Nunua ya majuma mawili au matatu tu, na uandike tarehe juu ya bidoni.
2. Bidoni liwe kavu, lenye kifuniko cha kukaza, katika kivuli, mbali na jiko. Usitie esansi katika chupa ya maji ya kunywa: mutoto atainywa.
3. Mimina kwa kupitisha katika kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kitambaa kinazuia taka, hakizuii maji.
4. Mbele ya vakansi ondoa esansi yote, kisha washa moteri mpaka izimike yenyewe, karburateri ibaki tupu.

Hatari

Moshi wa esansi usioonekana ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na kutafuta moto. Tia esansi inje, moteri ikiisha kupoa, bila mshumaa wala sigareti. Usivute esansi kwa mdomo na mpira: ikiingia katika mapafu inaweza kuua. Tukumbuke Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilianguka, watu wakaja kuchota na mabeseni, moto ukashika. Watu zaidi ya 230 walikufa.

Mwisho

Sisi wafinalisti tutaondoka kiisha egzama ya Serikali. Tondezi itabaki kwenu. Mbele ya kuondoka tumeweka katika depo vitu vitatu: bidoni jipya lenye kifuniko, chupa moja inayoonyesha ndani, na kaye ya kuandika tarehe ya kununua. Yule papa kadafi tunaendelea kununua kwake. Kila mara anacheka na kuuliza: "Chupa yenu iko wapi?" Tunaitoa, tunapima pamoja.

Maulizo ya kujifunza
1. Sababu gani maji yanakaa chini ya esansi?
2. Litri 3 za esansi, 50 kwa 1: mafuta mililitri ngapi?
3. Kama mashini inakufa kiisha kununua esansi, utaangalia nini kwanza, mbele ya kusema neno kwa muuzaji?

Wenu, wakubwa wa wanafunzi.