SOMO: IBADA ISIYONGOJA KURUDI NYUMBANI

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Hosea 6:6, Yeremia 29:4-7



Hapa Mantapala tunasikia mara nyingi neno hili: "Tukirudi kwetu tutaomba vizuri." Kanisa lilibaki ng'ambo, pamoja na vitabu vya nyimbo na ngoma za kwaya. Tunangoja, na huku watoto wanakua. Leo tujifunze kwa watu waliokutana na jambo hili zamani: Wayahudi na walimu wao, marabi. Wao hawamkiri Yesu kuwa Masihi kama sisi, lakini kuhusu kutunza imani mbali na hekalu wana mengi ya kutufundisha.

1. Hekalu lilipoanguka
Mwaka 70 Warumi waliteketeza hekalu la Yerusalemu. Mapokeo ya Wayahudi yanasimulia kwamba mwanafunzi wa rabi Yohanan ben Zakkai aliyaona magofu yake, akalia: mahali pa upatanisho wa dhambi pameharibika! Mwalimu akamfariji kwa Hosea 6:6: matendo ya rehema yamebaki. Andiko hilohilo Bwana wetu alilitumia katika Mathayo 9:13. Marabi wakafundisha pia kwamba meza ya nyumbani ni kama madhabahu. Hata leo, Ijumaa jioni, jamaa nyingi za Kiyahudi huwasha mishumaa, na wazazi huwabariki watoto wao.

2. Jirani zetu wa Uganda
Mwaka 1919, karibu na Mbale, Semei Kakungulu na wafuasi wake walianza kushika Torati. Wanaitwa Abayudaya. Idi Amin, aliyetawala 1971 hadi 1979, alipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache waliendelea kusali kwa siri. Mmoja wa watoto waliokulia katika siri hiyo, Gershom Sizomu, alisoma Marekani, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, kisha akarudi kuwafundisha watu wake. Sinagogi zilipofungwa, wazazi ndio waliotunza imani.

3. Nani atatuambia sisi ni nani?
Mwaka 2002 marabi wa kigeni walikwenda Uganda, wakawapokea rasmi mamia ya Abayudaya. Lakini marabi hawakupatana: Waorthodoksi hawautambui upokeaji huo. Abayudaya wameendelea kushika Sabato yao. Sisi tunaojua kupanga foleni kwa ajili ya karatasi twawaelewa. Karatasi ina kazi yake, tuifuatilie kwa subira. Lakini jina tulilopewa na Bwana halingoji muhuri.

Tufanye nini?
Yeremia aliwaandikia mateka wajenge, wapande, na kuuombea amani mji walimo. Basi juma hili kila jamaa ichague jioni moja. Taa ikikosekana, mwanga wa moto wa jikoni unatosha. Tusome Zaburi moja, kila mtoto aseme neno, baba au mama ambariki kwa jina lake. Kisha sahani ya ugali iende kwa jirani aliyelala njaa, awe Mkongomani au mwenyeji. Hiyo ndiyo rehema ya Hosea.

Maswali ya kujadili
1. Ni ibada gani tuliyoiahirisha mpaka turudi?
2. Watoto wetu watakumbuka nini kuhusu imani yetu ya hapa?
3. Ni nani jirani anayengoja rehema yetu?

Bwana awabariki.