SOMO: MUUZAJI WA MAFUTA USIYEMWONA USO



Siku moja wakati wa mvua mama mmoja alifika kwetu hospitali, mtoto wa miaka mitatu mgongoni mwake. Mtoto alikuwa na homa ya siku nne, na njiani degedege lilimshika. Tulimpima tukakuta malaria, tena damu yake ilikuwa imepungua sana. Nikamwuliza, «Mama, siku hizi nne mlikuwa mkingoja nini?» Akafungua kitambaa, akatoa chupa ndogo yenye picha ya jani. «Baba mganga,» akajibu, «tulingoja hii. Tulituma feza kwa simu siku ya kwanza. Mtu wa simu alisema mafuta haya yanaponya malaria, tifoidi na upungufu wa damu. Pikipiki ilituletea jana jioni.»

Tulimpa mtoto sindano za artesunate, na mjomba wake akatoa damu. Mtoto akapona. Kisha nikampigia simu yule muuzaji nimwulize mafuta yake ni ya mmea gani. Namba yake haikupatikana tena.

Feza za mama yule zilipotea, lakini hasara kubwa ilikuwa zile siku nne. Malaria kali inaweza kumwua mtoto mdogo kwa muda wa siku moja au mbili. Basi muuzaji mwongo anaiba vitu viwili, feza na siku. Feza utazitafuta tena shambani au sokoni. Siku hazirudi. Kwa sababu hiyo tujifunze kumpima muuzaji mbele ya kutuma kitu.

1. Mafuta haya ni nini?

Si mafuta ya kupikia kama mawese. Ni mafuta ya harufu, yaliyo ndani ya majani, maua, maganda au mbegu za mimea fulani. Ponda jani la sinda au la mkaratusi mkononi mwako, kisha unuse. Harufu ile ni mafuta yenyewe yanayoruka hewani. Ili kuyatoa, watu hujaza majani katika pipa lililofungwa, hupitisha mvuke wa maji, kisha huupoza mvuke ule katika bomba. Mvuke unageuka maji, na mafuta yanajitenga na maji. Kule Wawi, katika kisiwa cha Pemba, kiwanda cha makonyo kinafanya kazi hii kwa vikonyo na majani ya mkarafuu.

Mafuta haya yana kazi zake. Mafuta ya karafuu yakitiwa kidogo kwa pamba yanatuliza jino kwa muda, mpaka mgonjwa afike kwa mganga wa meno. Mafuta ya mimea ya jamaa ya sinda yanafukuza mbu kwa muda mfupi, lakini hayachukui mahali pa chandarua. Kazi hizi ni za kweli, nazo ni ndogo. Mwongo anaanza pale anapozikuza.

2. Je, tunazarau majani?

Hapana. Kwinini ilitoka katika ganda la mti wa sinkona, ambao ulipandwa hata huku kwetu Kivu. Dawa ya artemisinini ilitoka katika mmea uitwao Artemisia annua. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walivumbua namna ya kuitoa katika miaka ya 1970, naye akapewa zawadi ya Nobel mwaka 2015. Sindano ile iliyomponya mtoto wa habari yetu ina asili katika mmea huo.

Lakini angalia tofauti. Dawa ile ilipimwa kwa wagonjwa wengi, na kiasi chake kinajulikana kwa mtoto na kwa mtu mzima. Tena, kitu kinachoua malaria katika artemisia hakipandi pamoja na mvuke. Basi mtu akikuuzia mafuta ya harufu ya artemisia kuwa dawa ya malaria, amekuuzia harufu tu. Dawa imebaki katika majani aliyoyatupa.

3. Soko la uso kwa uso na soko la simu

Soko la Nyangwe linajulikana tangu zamani. Dr. Livingstone alipokaa hapa kandokando ya Lualaba mwaka 1871, aliandika habari za umati wa watu, hasa wanawake, waliokuja kuuza na kubadilishana vitu. Wewe mama unajua desturi ya soko. Ukitaka mawese unatazama rangi, unanusa, unaonja. Unajua muuzaji anatoka kijiji gani. Akikudanganya leo, utamkuta siku ya soko ijayo, na wenzako watasikia.

Katika simu, vitu hivi vyote havipo. Huwezi kunusa, huwezi kuonja, huwezi kumfuata nyumbani kwake. Picha nzuri katika Facebook au WhatsApp inaweza kuwa imechukuliwa kwa mtu mwingine. Sisemi kwamba kila anayeuza kwa simu ni mwizi. Wako waaminifu. Lakini macho na pua vikikosa kazi, maulizo yafanye kazi mahali pao.

4. Alama saba za muuzaji asiyeaminika

Alama ya kwanza: Chupa moja inaponya magonjwa mengi. Malaria inaletwa na kidudu kimoja, tifoidi na kingine, kisukari hakiletwi na kidudu. Ufunguo mmoja haufungui nyumba zote za kijiji.

Alama ya pili: Anakuambia uache dawa ya hospitali. Hapa usiendelee kusikiliza. Mgonjwa wa kifua kikuu, wa UKIMWI, wa kisukari au wa kifafa akiacha dawa zake kwa ajili ya chupa, anaweza kufa.

Alama ya tatu: Hasemi jina la mmea. Anasema tu «mafuta ya ajabu» au «siri ya wazee». Chupa ya kweli ina jina kamili la mmea, kama Eucalyptus globulus au Syzygium aromaticum, ambayo ni karafuu. Ina pia jina la nchi, jina la aliyetengeneza na mahali pake, namba ya kundi na tarehe ya mwisho. Lakini usiamini karatasi ya chupa peke yake. Mwaka 2014 na 2015, upande wa Ituri na Uele, mamia ya watu walikazwa shingo na uso kwa sababu ya vidonge vilivyoandikwa diazepamu, na ndani yake mlikuwa dawa nyingine, haloperidoli.

Alama ya nne: Mafuta yote yana bei moja. Kilo 100 za karafuu kavu zinaweza kutoa kilo 15 za mafuta. Lakini kwa kupata kilo moja ya mafuta ya waridi, watu wanahitaji zaidi ya kilo 3000 za maua. Akikuuzia waridi kwa bei ya karafuu, jua kwamba chupani hamna waridi, au limo kidogo sana.

Alama ya tano: Anakuharakisha. «Leo tu! Chupa tatu zimebaki! Tuma feza kwanza!» Tena jina linalotokea katika simu unapotuma feza si jina la duka lake. Mtu mwenye mali nzuri haogopi ulale usiku mmoja ukifikiri.

Alama ya sita: Hana mahali. Leo anasema yuko Kinshasa, kesho Dubai. Ukimwomba mzungumze kwa sauti anakataa, anapenda kuandika tu. Anafuta maneno ya watu wanaolalamika.

Alama ya saba: Ana ushuhuda mwingi, lakini shahidi haonekani. «Mama mmoja wa Goma alipona.» Mama yupi? Nani alimpima mbele na nyuma? Wengine wanataja jina la Mungu ili wauze. Ndugu, kumwombea mgonjwa ni neno jema, nalo halina bei. Mtu akitumia maombi kama kamba ya kuvutia feza zako, umkimbie.

5. Hata nchi kubwa zilijaribiwa

Usifikiri kwamba sisi wa vijiji tu tunadanganywa. Mwaka 2014, Ebola ilipoua watu wengi Afrika ya Magharibi, wauzaji katika Marekani waliandika katika intaneti kwamba mafuta ya harufu yanasaidia juu ya Ebola na hata kansa. Mwezi wa Septemba mwaka ule, ofisi ya serikali yao inayosimamia dawa, FDA, iliandikia makampuni mawili makubwa ya mafuta hayo, Young Living na doTERRA, kuyaonya kwa ajili ya maneno ya wauzaji wao.

Sasa sikia dawa ya kweli ilitoka wapi. Ebola iliposhika Beni, Butembo na Ituri tangu 2018 mpaka 2020, watu 2287 walikufa. Katika taabu ile, waganga wa Kongo pamoja na Profesa Muyembe na wenzao wa nchi nyingine walijaribu dawa nne kwa wagonjwa. Mwezi wa Agosti 2019 walitangaza kwamba mbili zilishinda. Moja yake, Ebanga, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Dawa zile nne zote zilikuwa na tumaini, lakini mbili zilikutwa zaifu, na waganga walisema hivyo wazi.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Mtu wa kweli anakuambia pia kitu ambacho dawa yake haiwezi. Mwongo hana mpaka.

6. Maulizo matano ya kumwuliza

Mbele ya kutuma feza, mwulize:

Mmea gani, na sehemu gani ya mmea?
Nani alitengeneza, na wapi?
Nani asitumie mafuta haya?
Ugonjwa gani mafuta haya hayawezi kuponya?
Kama unayaita dawa, je, yameandikishwa na ACOREP, ofisi ya serikali yetu ya kusimamia dawa?

Ulizo la tatu na la nne yana nguvu kuliko yote. Mwaminifu atajibu upesi, «Usimpe mtoto mdogo, wala mama mwenye mimba mpaka aulize mganga. Hayaponyi malaria.» Mwongo atasema, «Yanafaa kwa wote,» au atakasirika. Akikasirika, amekwisha kujibu.

7. Kama chupa imekwisha fika nyumbani

Tia tone moja juu ya karatasi nyeupe, ungoje mpaka siku ya pili. Mafuta mengi ya harufu yanaruka, yanaacha alama ndogo au hakuna. Yakiacha doa pana la mafuta, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Lakini jaribio hili halionyeshi uongo wote, kwa maana wengine wanachanganya na pombe kali au terpentini, navyo vinaruka pia.

Usinywe mafuta haya, wala usimpe mtoto ayanywe. Kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumletea mtoto degedege, na mafuta ya karafuu yanaweza kuharibu ini lake. Usipake mafuta makali puani mwa mtoto mchanga, yanaweza kumziba pumzi. Weka chupa mbali na mikono ya watoto.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe, maana yakiingia katika mapafu yataleta hatari ya pili. Usimnyweshe mawese. Mlete hospitali mara moja, na chupa uilete. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha uje.

Tena kumbuka: mtoto mwenye homa asingoje pikipiki ya muuzaji. Apimwe malaria siku ile ile au siku ya pili. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilala bila kuamka vizuri, usingoje hata saa moja. Usione haya kwa sababu ulinunua chupa. Mama wa habari yetu aliona haya, lakini alituonyesha chupa yake, na kwa njia hiyo alisaidia watoto wengine. Hatutamgombeza mtu. Tunataka tu afike mapema.

Maulizo ya somo

1. Muuzaji mwongo anaiba vitu gani viwili? Kipi hakirudi?
2. Kwa nini mafuta ya harufu ya artemisia si dawa ya malaria?
3. Taja alama tatu za muuzaji asiyeaminika.
4. Utamwuliza nini muuzaji ili ujue kama ana mpaka?
5. Jirani yako ana mtoto mwenye homa, naye amekwisha tuma feza, anangoja chupa. Utamwambia nini leo hii?

Ulizo la tano usilijibu kwa kinywa tu. Nenda kwa jirani.