Picha Iliyogeuka Wimbo

Watu wengi hudhani kwamba mwimbaji wa muziki wa roki hana haja ya vitabu wala picha. Ati sauti nzuri na gitaa vyamtosha. Na tutazame mfano mmoja, tuone kama ndivyo.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Alisoma Bara Hindi, na mwaka 1964 jamaa zake walihamia Uingereza. Huko aliingia chuo cha sanaa cha Ealing, London, akajifunza uchoraji hata mwaka 1969. Alipokuwa mwimbaji wa kundi la Queen, nembo ya kundi hilo aliichora mwenyewe.

Katika jumba la picha la Tate, London, imo picha ndogo, kimo chake sentimita 54 tu. Aliyeichora ni Richard Dadd, mgonjwa wa akili aliyewekwa katika hospitali ya Bethlem. Alianza mwaka 1855, na alipohamishwa mwaka 1864 ilikuwa bado haijakwisha. Kati ya majani marefu wamesongamana viumbe wadogo wa hadithi za Kiingereza, ambao twaweza kuwaita vibwengo. Mmoja ameinua shoka apasue kokwa, ili lipatikane gari jipya la Malkia Mab. Malkia huyo si mgeni: Shakespeare alikwisha kumtaja katika mchezo wa Romeo na Juliet. Baadaye Dadd alitunga shairi refu kueleza waliomo pichani.

Mwaka 1974, katika sahani ya santuri iitwayo Queen II, Freddie alitoa wimbo wenye jina lile lile la picha: The Fairy Feller's Master-Stroke. Watu wa wimbo ndio watu wa picha. Lakini sikilizeni pia ulivyoundwa. Kinanda cha kizamani chaenda mbio, na sauti zapandana juu ya sauti, kama vibwengo wanavyobanana majanini. Kilichosonga macho, yeye alikifanya kisonge masikio.

Basi hapo ndipo tofauti ya kuiga na kujifunza. Anayenakili insha ya mwenzake haongezi kitu. Akiulizwa swali moja, hana jibu. Lakini Dadd alipokea kwa Shakespeare akaongeza, na Freddie alipokea kwa Dadd akaongeza. Kila mmoja alitazama sana kabla ya kutenda.

Nanyi wazazi, mtoto akichora pembeni mwa daftari, msiharakishe kusema anapoteza wakati. Mwulizeni kwanza ameona nini.

Zoezi: Chagua picha moja ukutani au kitabuni. Itazame kwa robo saa bila kusema. Kisha tunga beti mbili, na asiyeiona picha aweze kuijua.